Msomaji wa Ibada ya Tshiluba

Jocelyne Tshiela alisoma Tshiluba vizuri kuliko wengi waliozaliwa Kasai. Kila Jumapili alisimama kusoma maandiko mbele ya kanisa, maneno yakamtoka bila kukwama. Akina mama walitikisa vichwa, wengine wakafuta machozi. Yeye hakujua wanalia nini.

Alizaliwa Kolwezi, mji wa migodi mbali na Kasai, na wazazi waliohamia kutoka huko. Mwaka ambao wenyeji waliwafukuza Wakasai, yeye akiwa bado mgongoni mwa mama, baba yake alikataza Tshiluba nyumbani, hata kwa kunong'ona, ili wasitambulike. Hatari ilipita, lugha haikurudi. Wazazi walikufa, kaka zake wakatawanyika, naye akabaki na cherehani katika chumba kimoja. Herufi alizijua tangu shule, na Tshiluba huandikwa kama kinavyotamkwa, hivyo kukisoma kwa sauti hakukumshinda. Mchungaji alipompa kazi hiyo, kukataa kungekuwa kukiri kwamba yeye si mtu wa kwao. Akakubali.

Baada ya ibada watu walimzunguka na kumsemesha. Alicheka walipocheka, akasingizia nguo za wateja, akaondoka. Katikati ya watu wote wale alikuwa mpweke kuliko akiwa chumbani.

Benchi la mbele alikaa mzee ambaye wote walimwita kwa heshima Tata Kanyinda, aliyefiwa na mke, fundi mstaafu wa mgodi, ambaye macho yake hayakuona tena maandishi. Jumapili moja alimngoja mlangoni, akamuuliza jambo kwa Tshiluba. Jocelyne akatabasamu. Mzee akarudia. Akatabasamu tena.

"Mutoto yangu," mzee akasema kwa Kiswahili, "unasikiaka maana ya bile unasomaka?"

Angeweza kudanganya. "Hapana, tata. Sisikiake."

"Ata neno moja?"

"Leo niliona *tatu*, mara mingi. Nilizania biko bitu bitatu."

Mzee alicheka mpaka akashika ukuta. "*Tatu* njo baba! Ulikuwa unatusomea mambo ya baba na mutoto wake."

Jocelyne hakucheka. Alikuwa amesoma habari za baba mbele ya kanisa zima, sauti ikipanda na kushuka, na hakuna kilichomgusa. Mzee aliuona uso wake, akaacha kucheka.

"Kuya kwangu," akasema. "Tutasoma pamoja."

Alikwenda kila alipomaliza kushona mapema. Mzee alikuwa na kijitabu cha hadithi za Tshiluba alichonunua marehemu mkewe. Jocelyne alisoma, mzee akamsimamisha, akaeleza, akamrekebisha sauti. Mwanzoni alisoma vibaya kuliko zamani, kwa sababu sasa alitaka kujua kila neno linabeba nini. Hata kanisani mama mmoja alilalamika kwamba msomaji wao ameharibika.

Halafu, alasiri moja, walifika kwenye hadithi ya mwanamume aliyefunga mlango wa banda la kuku akijisahau ndani. Jocelyne akaangua kicheko kabla mzee hajafungua mdomo.

"Iyi nimesikia, tata! Yote!"

Mzee akapiga makofi, akamwambia aisome tena.

Mvua zilipoanza, Kanyinda aliugua kifua, na binti yake Yolande akaja kumchukua ili amuuguze nyumbani kwake, katika mji wa Mutshatsha. Jocelyne akarudi kwenye cherehani.

Jumapili moja mchungaji alimkabidhi pia matangazo, nayo kwa Tshiluba. Alisoma la kwaya, la ubatizo, akaanza la tatu. Macho yalitangulia mdomo, yakakuta jina la Kanyinda na kilichoandikwa mbele yake, wakati ulimi ungali nyuma. Zamani angelisoma hadi mwisho kwa sauti ileile nzuri. Safari hii alikatiza katikati ya sentensi. Kanisa likangoja. Alimalizia polepole, kwa sauti ambayo walio nyuma hawakuisikia.

Nje, mama mmoja alimuuliza kwa Tshiluba kama marehemu alikuwa ndugu yake. Swali alilielewa lote. Maneno ya kulijibu kwa Tshiluba hakuwa nayo bado.

"Hapana, mama," akasema kwa Kiswahili. "Tulikuwa tunasomaka pamoja."

Mama yule akamshika mkono kidogo, kisha akawafuata wenzake.

Jioni Jocelyne alifungua kijitabu, ambacho Yolande alikuwa amemwachia, akaanza hadithi wasiyoifikia. Ilikuwa ya msafiri, na aliielewa. Karibu na mwisho wa ukurasa alikwama kwenye neno moja. Alilitamka, akalitamka tena. Hakukuwa na wa kumuuliza, basi akaendelea na mstari uliofuata.