Sahani Nyeupe ya Mpwa Wangu

Akili za mpwa wangu zimetoka upande wetu. Dada yangu anasema ni za mumewe, lakini shemeji huyo mpaka leo akifunga kamba za viatu zinafunguka kabla hajafika kona. Akili za kugawa angezitoa wapi? Mimi shule niliiacha njiani, au yenyewe iliniacha, tusibishane. Binti anafundisha sayansi, na mimi mjomba wake natengeneza baiskeli pale darajani, ambapo kila Ijumaa namwona akija mtoni na wanafunzi wa klabu yake ya mto nyuma yake kama bata na vifaranga.

Kifaa chao kikuu ni mfuniko wa ndoo ya rangi. Wameupaka rangi nyeupe, wakautoboa katikati, wakaufunga kamba yenye mafundo, wakauita sahani. Wanauzamisha mpaka upotee machoni, kisha wanahesabu mafundo yaliyozama. Yakiwa mengi, maji ni safi; yakiwa machache, pole yetu. Mtaani wamembandika jina la Mama Sahani. Hujifanya kukasirika, lakini akiitwa anaitika.

Basi wakapima upande wa juu wa mto, maji yakiwa hayajafika banda la kuoshea magari, wakapima na upande wa chini, yakishalipita. Juu mafundo matano, chini moja tu. Mwenye banda, tunayemwita Povu, akanijia mbio.

"Mwambie mpwa wako, mto huu ulikuwa na tope kabla mimi sijazaliwa!"

"Kwa uso huo, Povu, mto ni mdogo wako."

Hakucheka. Mwalimu mkuu alikuwa ameshatangaza kwamba vipimo vitasomwa Jumamosi kwenye kikao cha wazazi. Vikiwa vya kweli, shule itaomba banda liondolewe. Vikiwa vya uongo, klabu ya mto ifungwe, watoto warudi kusoma maji ubaoni.

Ijumaa mpwa wangu akashuka kuhakikisha. Kwa kawaida hubaki darajani akiandika wanayomtajia. Siku hiyo alivua viatu akaingia majini pamoja na watoto. Ndipo akaona. Kule juu mto una mawe matupu, lakini chini ya banda ni matope, na watoto kwa hamu yao walikuwa wakiingia wote kwa mkupuo, halafu mshika kamba anasimama chini yao, maji yanakoelekea. Tope lote walilotimua kwa miguu lilimpitia yeye. Sahani ingeonekanaje?

Alikuja akakaa juu ya tairi langu, akanieleza.

"Wewe nyamaza," nikamshauri. "Povu anachafua, kila mtu anajua."

"Kujua siyo kupima, mjomba."

"Na klabu ikifungwa?"

"Haifungwi. Kesho njoo, na uvae viatu vya kuloana."

Kesho yake akasimama mbele ya wazazi. "Kipimo cha chini tulikikosea. Tope lilikuwa la miguu yetu, na mimi sikuwa majini kuwaelekeza. Baba huyu mwenye banda tunamwomba radhi. Sasa twendeni tukapime upya, mkiona wenyewe."

Povu akanyanyuka kama mbunge aliyepita bila kupingwa. Mwalimu mkuu alikunja uso, lakini wazazi walishasimama. Nani anapenda kikao?

Mtoni akaingia mtoto mmoja tu, uso ukielekea maji yanakotoka, wenzake wima ukingoni. Juu, matano. Tulipofika chini ya banda, Povu akadai kamba aishike mwenyewe.

"Simama hivi, baba. Usisogeze miguu," mpwa wangu akamwelekeza.

Povu akazamisha. Matatu. Akavuta, akazamisha tena. Matatu. Na sahani ilipotoka ilikuwa na utando wa oili, unang'aa rangi rangi.

"Labda ni hii kamba," Povu akasema.

"Kamba ni ileile, babu," mtoto mmoja akajibu, na ukingo mzima ukaangua kicheko. Povu naye akashindwa kujizuia.

Mpwa wangu hakutaka banda liondolewe. Alitaka magari yaoshwe mbali na ukingo, maji ya sabuni yaishie shimoni, na oili ikusanywe kwenye dumu. Mwalimu mkuu akawatazama wazazi waliochafuka viatu kwa tope la ukingoni, akasema klabu iendelee, ila mwalimu awe majini, siyo darajani.

"Hapo umesema," mpwa wangu akajibu.

Jumatatu Povu akaanza kuchimba. Nikamwambia shimo lile ni dogo, la kuzikia kuku tu. Akasema kama najua sana, nishuke nimsaidie. Nikashuka.