Nyama Kwanza, Mfupa Baadaye

Mimi sikusoma. Herufi nilijifunza ukubwani, na bati la nyumba hii nimelinunua kwa kahawa yangu mwenyewe. Kwa hiyo nitakayosema juu ya mguu wangu wa kushoto hayakutoka kitabuni. Yametoka mguuni.

Ilikuwa enzi ya Mjerumani, nami nimeoa juzijuzi, hapa Nyabiyonza. Tulikuwa tunashusha mlimani mtumbwi wa kukanyagia ndizi za rubisi, pombe yetu, gogo zima lililochongwa, ukatuponyoka ukapita juu ya muundi wangu. Mfupa ukatokeza nje. Kidonda kikaoza, na baadaye kipande cha mfupa kikatoka chenyewe, kirefu kama kidole. Nilikigeuzageuza. Ndani kilikuwa na vitundu kama sega lisilo na asali.

Muunga mifupa wetu alipapasa pengo lile, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, mimi naunga ncha mbili zinazokutana. Hizi zako haziamkiani. Nenda kwa Wazungu kule ziwani. Ila wale hukata."

Nikabebwa kwa machela hadi hospitali. Daktari Mjerumani alikuwa na msaidizi wa pwani, mtu wa maneno mengi, ndiye mkalimani wake. Nikamwambia shikamoo.

"Marahaba. Daktari anasema mguu ukatwe, au tujaribu kuunga. Kwanza nyama, ndipo mfupa. Nyama ikikataa, tunakata."

Sasa, Kiswahili changu nilikiokota kwa mwenye duka Mwislamu niliyembebea mizigo, na kuunga nilikusikia jikoni kwa mkewe tu: vitunguu, samli, mchuzi unaungwa.

"Samli mnayo," nikauliza, "au niagize nyumbani?"

Msaidizi alicheka hadi kofia ikamdondoka. Daktari alipotafsiriwa hakucheka. Alibonyeza kovu langu, gumu kama ganda kavu la mgomba, akasema mfupa ukipandikizwa chini yake utakufa, kwa kuwa mfupa hulishwa kwa damu, na damu huletwa na nyama.

"Yaani kigumu kinategemea kilicho laini?"

"Mgomba ukiupanda juu ya mwamba, unaota?" msaidizi akanirudishia.

Hapo nikakubali. Mgomba naujua.

Walininusisha dawa nikalala. Nilipoamka, miguu ilikuwa imefungwa pamoja. Walibandua bamba la ngozi na mafuta yake kwenye shavu la mguu wa kulia, ukingo mmoja wakauacha umeshikamana na kwao, uliobaki wakaushonea kushoto, pale walipolikata lile kovu. Mguu mmoja unamnyonyesha mwenzake.

"Umefungwa kama mbuzi wa mnadani," msaidizi alinitania.

"Mbuzi angekuwa ameshakupiga teke, we mtu wa pwani."

Kila asubuhi daktari alikichoma kiraka kwa sindano, akangoja damu. Nami niliingoja kuliko yeye, maana isipotoka ni msumeno.

Siku moja nzi akatua juu ya kiraka, huku kushoto, mimi nikajikuna kulia. Nikashangaa. Nikafumba macho, nikamwambia msaidizi anibonyeze. Kila akibonyeza kiraka, nasema kulia.

"Mzee wa samli," akasema, "hata miguu yako imepoteana."

Damu haikukosa kutoka. Kiraka kiliposhika wakakata ule ukingo, miguu ikaachana. Miezi ikapita, ndipo wakafungua chini ya nyama ile mpya, wakauchukua mfupa mwembamba wa pembeni wa mguu huohuo wa kushoto, wakauhamishia kwenye pengo. Ukashika. Kadiri nilivyoukanyagia ndivyo ulivyonenepa.

Mwishoni daktari aliniamuru nisimamie mguu ule peke yake. Msaidizi akanyoosha mikono anidake. Nikamwambia aishushe. Nikasimama.

Nyumbani nilirudi kwa kutembea, polepole. Wenye machela niliwakatalia. Kwenye mlima wa mwisho nikaketi, nikautazama mguu. Wote ulikuwa umelowa jasho, isipokuwa kile kiraka, kikavu kabisa. Mpaka leo hakitoi jasho, na sijapata mtu wa kunieleza kwa nini.