Kijana Asiyeziba Pua

Mwaka jana, kwenye foleni ya hospitali hapa Busia, mlango wa daktari ulikuwa wazi kwa joto. Mama mmoja alikuwa ndani na kijana wake wa miaka kumi na minane, sauti bado ya mtoto, kidevu laini kama yai.

“Majirani wanasema amerogwa,” mama akasema. “Na ni mchapa kazi! Anabeba ngozi mbichi za ng'ombe bila kuziba pua.”

Daktari akamfumbisha macho, akamwekea puani pamba yenye mafuta ya taa.

“Hii ni nini?”

“Pamba.”

Mimi huko nje kwenye foleni nilikuwa nakohoa.

“Kwenu kuna mwingine hivi?”

“Kaka yangu,” mama akajibu. “Hana ndevu, na ugali ukiungua hajui.”

“Basi si uchawi, mama. Ni ugonjwa wa kurithi, wa nadra. Tutampima damu. Kunusa hatanusa, lakini sindano za homoni zitamkuza.”

Waliotafuta mchawi walikuwa na pua nzima.

Juzi Malaba sauti nzito ikanisalimia kwa nyuma.

“Toka, dereva, sitaki lifti!” nikajibu bila kugeuka, nikidhani ni mtu wa malori.

Kumbe ni yule kijana wa hospitali, wembe umemchana kidevu. Akaniambia anatafuta bibi wa kuoa.

“Sauti unayo, ndevu unazo,” nikamwambia. “Sasa nunua sabuni. Bibi atakuwa na pua.”