Mama Gia na Oili ya Galoni la Bluu

Gereji nzima ilimwita Mama Gia, hata mumewe akazoea. Mwanamke mfupi, mikono mipana. Injini aliwaachia wengine. Yeye kazi yake gia boksi tu, na chini ya gari alilala kama aliyelala kitandani kwake.

Magari ya haibridi yalipoanza kuingia mjini, mafundi wengi waliyakimbia. Ndani ya gia boksi zake mna mota za umeme, na oili ya gia ndiyo inayoziogesha zisiungue. Mama Gia hakukimbia. Alitafuta mota mbovu, akakata vipande vitatu vya waya wake wa shaba, akatafuta na chupa tatu. Moja akatia oili halisi, ya watengenezaji wa gari. Ya pili, oili ya gia za mkanda, za magari yasiyo na mota, ambayo mafundi waliothubutu walikuwa wakiimimina tu kwenye haibridi wakidhani ni mamoja. Ya tatu, oili mbadala ya galoni la bluu. Kila chupa na waya wake. Akazipanga juu ya bati, jua lizipige.

"Hiki nacho chakula gani?" mumewe akamuuliza.

"Cha wenye subira, baba watoto."

Spana Ndefu, fundi wa banda la pili, alicheka akashika mbavu. "Shemeji, leo mchuzi wa waya?"

Miezi miwili ikapita. Waya wa oili ya mkanda ulikuwa umebabuka, vanishi yake, ile ngozi inayozuia umeme, ikitoka kwa kidole kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Zile nyaya mbili nyingine zilikuwa nzima.

Kisha oili halisi ikaadimika, duka kwa duka hakuna. Ndipo akaja dereva mmoja wa teksi, haibridi yake inalia, oili imekuwa nyeusi tititi.

"Lete huku," Spana Ndefu akasema. "Nina oili ya mkanda. Nusu saa unaondoka."

"Hiyo itauvua waya nguo," akasema Mama Gia. "Tia ya bluu."

"Na hiyo ya bluu, nani kakwambia inafaa?"

"Waya."

Dereva akamtazama huyu, akamtazama yule. "Mama, gari hili ndilo linalonilisha. Likifa je?"

"Likifa, sitashika spana tena hapa."

Mumewe alikuwa amekaa juu ya tairi. Miaka thelathini ya kazi, na leo mkewe ameiweka yote kwenye galoni moja.

Mama Gia akamwaga oili chafu, akapima iliyotoka, akatia mpya kiasi kilekile. Akaliendesha kidogo, akamwaga tena, akatia tena.

"Unalitibu au unaliosha tumbo?" Spana Ndefu akauliza.

"Vyote. Wewe dereva, rudi baada ya mwezi."

Mwezi ule Mama Gia alifanya kazi kama kawaida. Lakini kila gari lililovutwa kwa kamba likipita barabarani, aliinua kichwa. Mumewe aliona. Alikuwa mtu wa kuona.

Dereva akarudi, tena kwa mwendo, redio inaimba. Mama Gia akaingia chini, akafungua nati. Oili ikatoka nyekundu, safi kama ilivyoingia. Kwenye sumaku ya nati hapakuwa na vipande vya chuma, vumbi jembamba tu.

Spana Ndefu akaja bila kuitwa. Akachovya kidole, akasugua, akanusa.

"Shemeji, nina haibridi mbili bandani. Nimezitia ya mkanda."

"Basi unangoja nini? Leta beseni."

Akaenda kulileta mwenyewe, mbele ya watu wote, na hakuna aliyecheka.

Jioni walirudi nyumbani kwa miguu. Mumewe alibaki nyuma hatua tatu, makusudi, apate kumtazama vizuri. Ovaroli imejaa mafuta, mwendo wa mtu asiye na deni na yeyote.

"Mbona unaburuta miguu?" akamuuliza bila kugeuka.

"Nimechoka," akajibu.

Hakuwa amechoka. Na mwendo kama ule hajawahi kuuona kwa mwingine, mpaka leo.