Chai ya Jicho Moja

Katika miaka ile ya hamsini nilikuwa Dar es Salaam, natafuta riziki kwa kuchekesha watu. Katika kundi letu la vichekesho niliigiza mzee bahili, mto tumboni na ndevu za pamba, na ukumbi mzima ulishika mbavu. Nyumbani Msambweni nilikuwa nimeacha wazazi wangu, mke, na watoto wawili: mvulana aliyeanza kwenda chuo cha Kurani, na binti aliyekuwa bado ananyonya.

Upweke niliuzoea. Kilichonikosesha raha ni kutojua wanangu wanacheka nini. Kila barua nilimwuliza mke wangu, naye akajibu, "Watoto wazima, alhamdulillahi, wanacheka sana." Wanacheka nini, basi? Nikaandika tena, na tena, kama karani wa mahakama. Mwisho akajibu kwamba kila asubuhi babu yao huwafanyia mchezo wakati wa chai. Mchezo gani, hakusema. Nikaona wivu, tena wa baba yangu mzazi!

Kwetu baba hafanyi mzaha na wanawe. Mzaha ni wa babu. Yeye na wajukuu ni watani, na mjukuu wa kike babu humwita "mke wangu". Kazi ya baba ni kukohoa mlangoni ili watu wakae sawa. Hayo niliyajua. Hata hivyo, baada ya miaka mitatu nilifunga safari ya kwetu na ndevu zangu za pamba mkobani, nimeazimia kuvunja ada.

Nilifika alasiri. Mwanangu mkubwa alinipa shikamoo kwa adabu, kama anampa mwalimu wake. Binti alijificha nyuma ya bibi yake akauliza, "Huyu mgeni atalala hapa?"

Nikavaa ndevu, nikafunga mto, nikamcheza bahili wangu mwanzo hadi mwisho. Hakucheka mtu. Mvulana aliinamisha macho kwa haya, binti akaangua kilio. Mke wangu akanivua ndevu polepole. "Pumzika, baba watoto," akasema. "Umetoka mbali." Sijawahi kuaibika hivyo mbele ya watu.

Asubuhi tulikaa mkekani, mahamri na mbaazi katikati yetu. Sikuwa na hamu ya kumchekesha yeyote. Nikachukua kikombe, nikachungulia chai kwa jicho moja kutafuta sisimizi wa kwenye sukari, nikapuliza mara tatu, nikanywa. Hivyo ndivyo ninavyokunywa chai tangu utotoni, na sikujua kama kuna aliyewahi kuniangalia.

Binti akacheka mpaka hamri likamtoka mkononi. "Babu! Babu! Mgeni naye anajua kumwigiza baba!"

Baba yangu akaweka kikombe chake chini. Hapo ndipo nilipoujua mchezo wake wa miaka mitatu.

"Haigizi, mke wangu," akamwambia. "Huyo ndiye mwenyewe."

Binti akanitazama juu mpaka chini, hajaamini. Akanisogezea kikombe. "Hebu rudia."

Nikajaribu. Chai ikanimwagikia kanzuni, na machozi yakanitoka mbele ya wanangu, jambo jingine ambalo kwetu baba hafanyi. Wakacheka wote wawili.