Mchumba Ndani ya Shimo

Dada yangu mkubwa alipoteza wachumba wawili kwa sababu ya mchezo wa ubao, na kama unadhani natia chumvi, basi hujawahi kukutana na mama yangu.

Mchezo wenyewe haukuwa wetu. Ulikuwa wa mzungu wa kujitolea aliyepanga chumba chetu cha nyuma pale mjini Machakos, miaka ya tisini ikielekea kuisha. Alipomaliza muda wake alituachia vitu alivyoshindwa kubeba: sufuria isiyo na mfuniko, viatu vya mvua, na sanduku la kadibodi lenye picha ya joka linalotema moto. Ndani mlikuwa na ubao, dadu, kijitabu cha sheria na sanamu za watu wadogo wanne: askari mwenye ngao, mwizi, mwanamke mwenye upanga, na mzee wa ndevu ambaye kijitabu kilimwita mchawi. Wote walikuwa safarini, kila mmoja akikitafuta kikombe cha dhahabu.

Mama alimshika yule mchawi kwa vidole viwili, akaenda kumtupa chooni. Mchawi hakai kwa nyumba yake, hata akiwa wa plastiki. Mahali pake tukaweka kizibo cha soda. Kisha akauliza joka ni mnyama gani, na tuliposhindwa kumweleza, akasema yeye anawajua mamba wa Mto Athi na hana haja na mijusi yenye mabawa. Joka likawa mamba. Kinamasi kilichochorwa ubaoni kikawa mto wa mchanga kama ya kwetu. Kuhusu kikombe cha dhahabu alicheka mpaka akafuta machozi. Nani mwenye akili timamu anavuka mto wenye mamba kutafuta kikombe? Baba akachora tangi la maji juu yake kwa kalamu ya wino, na hapo ndipo tulipoanza kucheza kwa bidii. Ulikuwa mwaka wa kiangazi. Kwa tangi lililojaa, hata mimi ningepigana na mamba.

Kilichomkera Mama kuliko vyote ni shimo. Kwa mujibu wa kijitabu, ukianguka shimoni unakosa zamu tatu, na wenzako wanaendelea na safari zao. Mchezo mzima hakuna anayemgusa mwingine. Mnakaa meza moja alasiri nzima, kila mtu na hamsini zake, kama watu walio kwenye foleni ya benki.

"Na hawa wengine wanapita tu hapo kwa shimo?" Mama aliuliza.

"Wanapita."

"Wanamwona?"

"Wanamwona, Mama."

"Basi hao si watu. Rudisha hiyo kitu kwa sanduku."

Lazima nieleze kwamba Mama alikuwa kigogo wa mwethya, kile kikundi cha majirani wanaochimbiana matuta, leo shamba la huyu, kesho la yule. Asiyefika hutozwa faini, na asipofika tena huachwa na shamba lake lioshwe na mvua. Kwa hiyo akatunga sheria yake. Ukianguka shimoni unapiga nduru, "Wuui!", na kila mchezaji anaacha njia yake aje kukutoa. Asiyekuja anaosha vyombo. Nduru yenyewe ilipigwa kwa sauti ya chini, kiganja kikiwa mdomoni, kwa sababu mtaani kwetu nduru haikuwa kitu cha kuchezea.

Sheria hiyo iliufanya mchezo uwe mtamu, na hapo hapo Baba akauharibu. Kila nilipolikaribia tangi, yeye alijitumbukiza shimoni makusudi na kunong'ona, "Wuui, nakufa," huku akinywa chai. Nami ikabidi nirudi ubao mzima kumtoa. Mwalimu aliyechapa watoto wa watu kwa kosa la udanganyifu! Nilimpenda sana baba yangu, lakini pale ubaoni nilitamani aliwe na mamba kabisa.

Dada alipoanza kuleta wachumba, Mama aliwakaribisha kwa kuku, muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, na ubao. Wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa maembe kutoka Matuu. Alisikia nduru ya Baba, akalitazama tangi, akasema "pole, Mzee," akaenda kulichukua. Mama alimpongeza na hakumwongezea chai. Wa pili alikuja kila alipoitwa, lakini hakuacha kutukumbusha: "Si ni mimi nilikutoa pale?" Huyo hata chai ya kwanza hakuimaliza.

Dada akawa analia usiku kwenye kitanda cha dirishani. Kitanda hicho nilikimezea mate tangu utotoni, maana changu kilikuwa kando ya mlango, ambapo kila anayeenda chooni alinigonga miguu. Sidhani kuna mtu aliyeomba ndoa ile kwa moyo wote kuliko mimi.

Wa tatu alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha saruji kule Athi River, mtu mkimya mwenye mikono mikubwa. Huyu Dada alimpenda kweli. Nilijua kwa sababu alipiga pasi hadi mapazia. Jikoni alimsihi Mama, "Huyu tafadhali msimchezeshe."

"Kwani mchezo unauma?" Mama akajibu, akatoka na sinia.

Dada akanigeukia. "Mama akimkataa na huyu, mimi sileti mwingine. Nitazeekea kwa hicho kitanda." Mwiko uliniponyoka.

Baadaye nikachungulia dirishani nikamwona amemsimamisha mgeni kando ya lango, anamfundisha. Ukisikia nduru, nenda. Ukifika, usijisifu. Nikasema moyoni, hongera dada, huo ndio udanganyifu wenye faida.

Na mgeni alifuzu. Baba alijitumbukiza shimoni mara tatu, na mara tatu askari wa mgeni akarudi bila hata kuguna. Mimi nilianguka, akaja. Mama alikuwa anamtazama kwa jicho la mtu anayepimiwa nyama. Kisha mgeni akatupa dadu, akahesabu nyumba, na askari wake akaingia shimoni.

Tukangoja. Hakusema kitu. Alimlaza askari vizuri kwenye shimo na kumpisha Baba atupe dadu.

"Huiti?" Mama aliuliza.

"Hapana, Mama. Nitakosa zamu zangu, si neno. Nyinyi endeleeni."

Dada alifumba macho. Hilo hakuwa amemfundisha, kwa sababu nani angewaza kwamba mtu mzima anaweza kukosa kuita? Zamu ya kwanza ikapita. Mama akaziweka dadu mezani.

"Mwenye haji akiitwa, huyo nitamfundisha," akasema. "Lakini mwenye haiti nitamfanyia nini? Ataugua kwa nyumba na msichana wangu asijue. Kijana, kwenu mkianguka mnafanyaje?"

Mgeni alisugua magoti yake. "Mimi nimelelewa kwa nyumba ya watoto yatima, Mama. Tulikuwa wengi. Ukilia usiku unaamsha tu wenzako. Hakuna mwenye anakuja."

 Kitanda kikanitoka akilini kabisa. Nilitaka tu mtu huyo atoke shimoni.

"Ita," Dada akamwambia, kwa ukali ambao sikuwahi kuusikia kwake.

"Wuui," akasema, chini chini.

"Hatujasikia," Mama akasema.

"Wuui."

"Bado!"

Akavuta pumzi. Na mtu huyu aliyezoea kuzishinda kelele za mitambo kwa sauti akapiga nduru iliyotikisa vikombe mezani. Mama alikuwa ameisahau sheria yake mwenyewe ya kiganja.

Jirani wa kwanza aliingia na povu la sabuni mpaka kwenye viwiko. Nyuma yake wanawake wa mwethya na majembe, mzee wa nyumba ya pili na panga, na kijakazi aliyembeba mtoto wa watu.

"Ni nini, mwaitu? Ni nani?" wakamuuliza Mama.

Mgeni alisimama kuomba radhi, lakini Mama alimtangulia.

"Ni mkwe wangu," Mama akasema. "Ameanguka kwa shimo. Haya, mtoeni."

Wakautazama ubao. Wakamtazama Mama, ambaye hakuna aliyewahi kumbishia. Kisha mwenye povu akainama, akamwokota askari kwa vidole vyake vilivyolowa, akamsimamisha nje ya shimo. Mgeni hakumwona. Alikuwa bado anatazama mlangoni, kwa sababu watu walikuwa bado wanakuja.