Behewa Lililofungwa kwa Ndani

Sitakuapia. Mji huu wa Mwanza watu wanaapa mno. Nenda soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba umsikie mtu anavyomtaja Mungu juu ya sangara wa juzi. Mimi nitakueleza tu kilichonipata, mchana, barazani kwangu Igogo, nikiwa sijalewa wala sina homa. Ukitaka kuamini, amini. Usipotaka basi, sina nguvu za kubishana na mtu tena.

Wakati ule nilikuwa nimepunguzwa kazi reli. Nilikuwa seremala wa mabehewa ya mizigo, kazi niliyoianza ndevu hazijaota. Ndiyo miaka ile kila kitu kilikuwa kinabinafsishwa, na sisi tuliokuwa tukigonga mbao tukaambiwa tumezidi. Wenzangu wengine wakakimbilia Geita kwenye dhahabu, wengine wakaingia viwanda vya minofu vilivyokuwa vinaota kando ya ziwa. Mke wangu akawa anashinda Kirumba akikaanga mapanki, yale mabaki ya samaki baada ya minofu kwenda Ulaya. Nyumbani, watoto wakiwa shuleni, tukabaki mimi na mama yangu mzee. Unaujua uchovu wa mtu asiye na kazi? Afadhali wa kubeba magunia, huo hupungua ukilala.

Basi akatokea Mzungu mmoja, fundi wa mitambo ya barafu kwenye kiwanda kimojawapo. Huyu mtu ugonjwa wake ulikuwa mabehewa. Si mabehewa ya kupanda, mabehewa madogo ya kuweka kabatini, ila yawe sawasawa na yale ya zamani yaliyopita kwenye reli hii. Aliniletea picha zilizofifia za behewa la ng'ombe la enzi ya mkoloni na kuniomba nimtengenezee. La kwanza alilikataa. Alihesabu mbao za ubavuni, akatikisa kichwa, akasema nimepunguza moja. Moja! Nilitaka kumtupia usoni. Lakini usiku nikalala nikiiwaza ile mbao, na asubuhi nikajua kwamba ugonjwa wake umeniambukiza.

La pili nililifanya kwa roho yangu yote. Kila futi ya behewa la kweli niliipa nusu inchi. Paa nililikunja kutoka kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Vichwa vya ribiti, zile pini za kubana mabati, nilivitoa kimoja kimoja, nikiligonga bati kwa ncha ya msumari upande wa nyuma mpaka macho yakaniuma. Mbao za ubavuni nilizipasua kutoka kwenye mbao za behewa halisi, maana yale mabovu yalikuwa yanavunjwa kule Mwanza Kusini na mbao zake zikiuzwa kama kuni. Nilikuta ubao mmoja mzuri, mgumu, wenye tundu la msumari, na ulipopita msumeno ukatoa harufu ya ng'ombe baada ya miaka yote hiyo. Mlango nikauweka kwenye reli yake ndogo, ukawa unateleza kufunguka na kufungika. Ndani, pembeni, nikatenga chumba cha mchungaji, kwa sababu zamani ng'ombe wakipelekwa Dar walisafiri na mtu wa kuwanywesha. Nikamwekea ubao wa kulalia.

Hapo ndipo habari yangu inapoanza, maana baba yangu alikuwa mmoja wa wachungaji hao.

Jina lake Masanja. Alipanda na ng'ombe wa tajiri mmoja wakati mimi niko mgongoni mwa mama. Ng'ombe walifika, yeye hakufika. Wengine walisema alishuka stesheni kuchota maji, treni ikamwacha. Wengine, kwa ile midomo yetu, walisema kuna mwanamke Morogoro. Mama hakulia msiba, hakunyoa nywele, hakuolewa tena. Alikaa tu.

Na lazima nikueleze jambo la kwetu Wasukuma, la sivyo hutanielewa. Mtu mzima wa kaya akifariki, tunaweza kumjengea kijumba uani, kifupi, hakifiki hata magotini, chenye mlango mdogo ulio wazi. Hicho ni cha masamva, wazee wetu waliotangulia. Humo mzee anapata pa kufikia, anawekewa maji na chochote kidogo, naye anawatazama watoto wake. Lakini humjengei mtu aliye hai. Ukimjengea aliye hai, umemwita kaburini. Sasa mama yangu angefanya nini? Akijenga, huenda anamuua mumewe aliyeko Morogoro. Asipojenga, huenda marehemu anazunguka kwenye reli hana pa kulala. Miaka zaidi ya thelathini mwanamke yule alikuwa katikati hapo. Kila alipougua aliniambia neno lile lile: "Mwanangu, sitaki kufa kabla sijajua." Mimi nilikuwa namjibu atapona, kana kwamba hilo ndilo aliloliuliza.

Je, mimi nilifikiri kwamba behewa dogo lenye mlango wazi na mahali pa kulala mtu ni kijumba? Sikufikiri. Nilifikiri ni kazi ya Mzungu.

Siku hiyo mvua kubwa ilikuwa inapiga kutoka ziwani, ile inayokuja na upepo ikafuta hata mawe ya kilimani usiyaone. Mama alikuwa amelala chumba cha nyuma. Mimi nipo barazani napaka rangi ya mwisho. Nikainua macho, nikamwona mwanamume amesimama karibu na nguzo, fimbo ya ng'ombe mkononi, shuka begani. Hakuwa mzee, na hilo ndilo lililonichanganya baadaye. Alikuwa kijana kuliko mimi. Lakini macho yake yalinifanya nimwamkie.

"Shikamoo."

Hakuitika marahaba. Alinijibu Kisukuma: "Mwadila, ng'wana Masanja."

Mchana mwema, mwana wa Masanja. Nikaona pengine ni mtu wa kijijini kwetu kule Bujora anayenijua. Nikamkaribisha kiti, akachuchumaa. Niamini, shuka lake lilikuwa kavu kabisa. Mvua ile ingemlowesha hata chura, yeye hana tone. Niliona, nikasema moyoni labda alikuwa kibarazani kwa jirani. Mtu aliyechoka ana majibu mengi ya haraka.

Akalitazama behewa kwa muda mrefu. Akaingiza kidole kupitia mlango, taratibu, kama mtu anayepima joto la uji wa mtoto.

"Umejenga vizuri," akasema. "Nje hujakosea kitu. Ndani ndiko ulikokosea."

Nikakasirika. Kwanza Mzungu, sasa huyu! "Nimekosea nini, kaka? Hii kazi nimeifanya tangu ujana."

"Kitanda kinakaa upande huu, siyo ule ulikokiweka. Kule mkojo wa ng'ombe unamfuata mtu usingizini. Halafu hakuna komeo."

"Behewa la ng'ombe halina komeo la ndani," nikamwambia. "Linafungwa kwa nje. Mchoro wake naujua."

"La mchoro halina. Letu lilikuwa nalo. Niliweka mwenyewe, msumari wa kukunja, hapa." Akaweka ncha ya kidole kwenye ubao ule ule niliouokota kwenye kuni, juu ya lile tundu ambalo nilikuwa nimeliziba kwa gundi na unga wa mbao likapakwa rangi, hata mimi nilikuwa silioni tena. "Ng'ombe wakilala vibaya wanausukuma mlango. Kila usiku nilikuwa nafunga. Usiku mmoja nilichoka sana, nikasahau, na treni ilikuwa inakwenda."

Alisema hivyo tu, kama mtu anayesimulia habari za mvua. Wewe unayesikiliza umeshajua alikuwa nani. Mimi, kichwa changu kilikuwa kwenye kitanda na komeo, nikiwaza nitabomoa wapi nianze upya. Mwili ndio ulijua kabla yangu, maana nilijikuta nimeshaiweka brashi chini.

Ndani mama akakohoa. Yule mtu akageuza kichwa.

"Bado anasikia vizuri?"

"Anasikia. Macho ndiyo yamechoka."

"Basi usimwamshe kwa ajili yangu. Mimi mwenyewe natafuta pa kulala tu, nimetembea sana."

Nikainuka nikamletee maji, kwa sababu mgeni ni mgeni. Ndoo ipo mlangoni, hatua chache. Niliporudi na kikombe, baraza tupu. Mvua bado inanyesha, ardhi yote matope, na hakuna unyayo hata mmoja unaoingia wala unaotoka.

Nikalitazama behewa. Mlango niliouacha wazi rangi ikauke ulikuwa umefungwa. Nikauvuta kwa kidole, ukagoma. Nikalinyanyua kutikisa, likawa zito, si uzito wa mbao na bati, na kitu fulani ndani yangu kikaniambia usitikise. Nikaliweka chini, nikawasha tochi, nikachungulia kati ya mbao. Ubao wa kulalia ulikuwa umehamia upande wa pili. Na kwenye lile tundu palikuwa na komeo la msumari uliokunjwa, limeota kutu, dogo kama punje ya mchele. Lilikuwa limefungwa kwa ndani.

Nilipogeuka mama alikuwa amesimama mlangoni, ameshika ukuta.

"Nani alikuwa anaongea hapa?"

Nikataka kusema hakuna mtu. Nikashindwa. Nikamweleza yote, kitanda, komeo, usiku aliosahau kufunga. Alikaa chini kwenye saruji, akalivuta behewa mapajani, akapitisha vidole kwenye zile mbao mpaka akafika mlangoni, akaujaribu, ukamgomea na yeye. Ndipo alipolia. Si kulia huku kwa machozi; ule ukelele wa msiba, ambao alikuwa ameubana kifuani tangu niko mgongoni mwake. Majirani wakaja wakikimbia kwenye mvua, wanawake wamejifunga kanga kiunoni, wakiuliza nani amefariki.

"Mume wangu," mama akasema. "Amefika sasa hivi."

Tuliweka msiba. Turubai likafungwa, wakaja watu kutoka Bujora, wengine walicheka pembeni na ugali wetu mdomoni, mimi sikujali. Mama akanyolewa nywele. Usiku ule alilala mpaka jua likawa kali, kitu ambacho sikuwahi kukiona maishani mwangu. Mzungu alipokuja kuchukua kazi yake nilimwambia haiuzwi. Alinitazama, akalitazama, akachungulia ndani. Sijui aliona nini, lakini alivua kofia.

Sasa ungependa niishie hapo, siyo? Baba amepatikana, mama amelala. Hata mimi ningependa.

Mama aliishi miaka michache tena, mwepesi, mwenye maneno, mpaka akawa anatania wajukuu. Alipozidiwa aliniomba nimwekee behewa kando ya kitanda chake. Asubuhi nilimkuta ameshafariki, uso umetulia. Na mlango wa behewa, ambao hakuna aliyeweza kuufungua, ulikuwa wazi. Nilimfunika mama, nikatoka kumwita mke wangu. Tuliporudi umefungwa. Nilipochungulia kwa tochi niliona mbao mbili za kulalia, zimewekwa karibu karibu.

Tangu hapo niko hapa hapa. Nimeitwa Geita, nimeitwa Dar, siwezi. Aliyejenga ndiye anayefagia. Kila mwanzo wa mvua nawawekea maji na uji, nalifuta paa lisiote kutu. Mke wangu hapiti upande ule wa nyumba akiwa peke yake. Bado natengeneza mabehewa madogo, wageni wananunua, lakini milango yake naichora kwa rangi tu. Wanalalamika kwamba haifunguki. Nawaambia mnisamehe, ndivyo ninavyojua.

Kwa hiyo wewe mwenye mkono mwepesi, unayependa kuiga kitu mpaka kifanane na chenyewe, nakuonya. Punguza ubao mmoja. Acha kosa, hata dogo, hata aliyekuagiza akikukataza. Kitu kikikamilika hakibaki kitupu, na atakayekuja kukaa humo hatakuuliza kama una nafasi ya kumtunza.

Juzi nimechungulia tena. Zile mbao mbili zimesogea ukutani, pembeni pamebaki nafasi ya ubao wa tatu. Nimechoka, ndugu yangu, nakwambia kweli. Lakini sijachoka kiasi cha kulala humo.